Alimaji ya Ferguson hupimwa kwa plau

Fundi anayepanga alimaji ya trekta la zamani kwa kusikiliza injini ikiunguruma uani, bila mzigo wowote nyuma, ameiacha kazi nusu. Nasema hivi nikijua kwamba hapa Lubumbashi mafundi wengi wamefundishwa hivyo hivyo: legeza delko, izungushe polepole huku injini inawaka, mlio ukipanda na kuwa laini, kaza. Mwenye trekta anasikia, anafurahi, analipa. Mvua za Novemba zinaanguka, plau inaingia ardhini, na injini ileile iliyokuwa laini uani inaanza kugonga na kuchemka. Ikiendelea kulazimishwa, pistoni inatoboka wakati ambapo kila mtu anataka kupanda mahindi.

Alimaji ni ile ambayo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi huita taiming: wakati ambao cheche inaruka ndani ya silinda, ikilinganishwa na mahali pistoni ilipo. Huku kwetu plagi ni buji, distribyuta ni delko, koili ni bobini, nami nitayatumia maneno hayo maana ndiyo ninayosemea kazini.

Trekta ninalolifahamu kuliko mengine ni Ferguson TE20 ya petroli ya baba yangu mdogo, kule kwenye barabara ya Kasenga. Ni ya kijivu, ndogo kuliko watu wanavyoitarajia, na nguvu zake hazifiki farasi 30. Watu wanaopita na pikipiki husimama kuuliza kama bado inalima. Inalima. Trekta za aina hii zilianza kutoka kwenye kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza, mwaka wa 1946, na uzalishaji ulipokoma mwaka wa 1956 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya 500,000. Za mwanzo zilibeba injini ya Continental ya Marekani, kisha kampuni ya Standard iliyokuwa ikiziunda ikaanza kuzitia injini yake yenyewe. Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958 akiendesha Ferguson hizihizi zilizofungwa minyororo kwenye magurudumu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema trekta hilo ni la kuuzwa chuma chakavu kwa sababu halina nguvu, swali langu la kwanza ni nani aliligusa delko lake mara ya mwisho.

Nianze na kinachotokea ndani, kwa sababu bila kukielewa fundi anabaki kubahatisha.

Cheche ikiruka, mchanganyiko wa hewa na petroli haulipuki wote kwa mkupuo. Moto unaanzia kwenye ncha ya buji na kusambaa, na kusambaa huko kunachukua muda. Mdogo sana, lakini ni muda. Tunachokitaka ni kwamba msukumo ufikie ukali wake wote pistoni ikiwa imeshapita kilele na kuanza kushuka, takriban digrii 15 za mzunguko wa kranki, ule mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, baada ya kilele. Ukali ukifika mapema mno, moto unaisukuma pistoni ambayo bado inapanda, na injini inapigana na nafsi yake. Ukichelewa, pistoni imeshateremka, nafasi imepanuka, na joto ambalo lingekuwa nguvu linatoka na moshi kwenye ekzosi. Ndiyo maana cheche lazima itangulie kilele.

Itangulie kwa kiasi gani? Tuchukue mfano wa hesabu: moto unahitaji milisekunde 3. Injini ikienda mizunguko 500 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 120, kwa hiyo milisekunde 3 ni digrii 9 tu. Ikienda mizunguko 2,000, mzunguko mmoja ni milisekunde 30, na milisekunde zilezile 3 zimekuwa digrii 36. Kwa sababu hiyo, chini ya sahani ya platini (vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke) ndani ya delko kuna vipande viwili vya chuma vilivyoshikwa na springi. Injini ikikimbia vinatanuka kwenda nje na kuusogeza mhimili wenye pembe mbele kidogo, na cheche inawahi yenyewe. Injini ikipunguza mwendo, springi zinavirudisha.

Hapa ndipo masikio yanapomdanganya fundi. Muda wa moto kusambaa haulingani siku zote. Injini ikiwa kwenye ralanti, yaani mwendo wa chini bila mzigo, kipepeo cha kabureta, kile kilango cha kupitishia hewa, karibu kimefungwa. Kinachoingia kwenye silinda ni kidogo, tena kimechanganyika na moshi uliobaki wa mlipuko uliopita. Mchanganyiko hafifu namna hiyo unaungua taratibu. Injini kama hiyo hupenda cheche ya mapema sana: kila ukiizungusha delko upande wa kuwahisha, mwendo unapanda na mlio unalainika, na fundi anaamini kwamba anaelekea panapofaa. Kumbe anaipangia injini hali ambayo trekta haifanyii kazi hata kidogo. Plau ikiingia ardhini gavana, kile kifaa kinacholinda mwendo wa injini usishuke, anafungua kipepeo, silinda inajaa, mchanganyiko mzito unaungua haraka, na ile cheche iliyopendeza kwenye ralanti sasa imekuja mapema kupita kiasi.

Magari ya petroli ya zama hizo yalilitatua jambo hili kwa kidude cha mviringo ubavuni mwa delko, chenye utando unaovutwa na hewa ya kwenye bomba la kuingizia. Kipepeo kikifungwa, utando unawahisha cheche. Kikifunguka, unaiachilia irudi. Matrekta mengi ya zamani hayana kidude hicho, na Ferguson ni mojawapo. Waliolibuni walijua litatumia maisha yake kuvuta. Ina maana mpangilio wake ni mmoja, na lazima uwe ule wa kuvuta, hata kama kwenye ralanti injini itasikika nzito kidogo. Uzito huo wa ralanti ni wa haki. Usiuondoe.

Msimu mmoja baba mdogo alimwita kijana wa garaji moja ya mjini aje aliangalie trekta kabla ya kulima. Kijana ni hodari, ana mkono mwepesi, na alifanya kila kitu kwa adabu. Alizungusha delko mpaka injini ikalainika, akasimama kando akifuta mikono.

“Papa, sikia! Sasa iko inalia muzuri.”

“Nimesikia, mwanangu,” baba mdogo akamjibu. “Sasa funga plau, twende nayo kule kwenye udongo mwekundu.”

Kule nyuma ya nyumba udongo ni mfinyanzi mzito, na kwa kuwa ulikuwa umeshalowa mara moja tu, ulishika. Trekta lilipofika katikati ya mfereji, gia ya pili, tukasikia: mlio mkavu wa chuma, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kijana aligeuka akanitazama. “Yaya,” akaniita, kama tumwitavyo mkubwa huku, “hiyo ni valvu?” Nikamwambia azime. Haikuwa valvu. Mchanganyiko ambao moto ulikuwa bado haujaufikia ulibanwa na kupashwa joto hadi ukajiwasha wenyewe, na mawimbi yake yalikuwa yanapiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Ukiendelea kulima hivyo, kichwa cha pistoni, ambacho ni alumini, hulainika, huliwa, na mwisho hutoboka. Tulilegeza delko tukaichelewesha kidogo sana, karibu upana wa mstari wa penseli, tukarudi kwenye mfereji uleule. Kokoto zikanyamaza. Kwenye ralanti injini ikawa nzito kuliko alivyoiacha yeye, na nikaona namna lilivyomtatiza jambo hilo. Tulikaa chini ya mwembe tukaongea mpaka chakula kikaiva, na mengi ya maelezo haya nilimpa siku hiyo.

Kabla ya kufika mfereji, lakini, kuna kazi ya uani isiyokwepeka, nayo ina mpangilio wake. Ukiuvuruga utazunguka siku nzima.

Kwanza ni afya ya delko yenyewe. Toa kifuniko, shika rota, kile kipande kinachozunguka juu ya mhimili, izungushe kwa vidole upande inaokwenda, iachie. Inapaswa kurudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Ikibaki pale ulipoipeleka, vile vipande viwili vya chuma vimekwama kwa kutu au kwa grisi iliyoganda, na hakuna mpangilio utakaokusaidia: ukipanga ralanti vizuri, cheche itachelewa kwenye kazi, ukipanga kazi, hendeli ya kuwashia itakurudia mkononi. Kisha shika mhimili uusukume huku na huku. Ukicheza, bushi zimelika, na nafasi ya platini itabadilika kila mzunguko. Nimeona watu wakibadilisha bobini, kondensa na waya zote kwenye delko yenye bushi zilizokwisha. Bushi ya shaba inachongwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kukerezea vyuma, na mji huu umejaa mafundi waliokerezea vyuma vya migodini maisha yao yote.

Pili ni platini, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndipo kosa kubwa linapozaliwa. Mfumo huu, ambao Charles Kettering na kampuni yake ya Delco iliyoanzishwa mwaka wa 1909 huko Dayton, Ohio, waliusambaza duniani, unafanya kazi kwa kukata umeme. Platini zikigusana, umeme unapita kwenye waya wa kwanza wa bobini na kujenga sumaku. Pembe ya mhimili ikizisukuma platini ziachane, umeme unakatika, sumaku inaporomoka, na mporomoko huo unazaa volti maelfu kwa maelfu kwenye waya wa pili, ule mrefu na mwembamba. Cheche basi inaruka platini zinapoachana. Wengi hudhani ni zinapogusana, na wanapanga alimaji ya uongo bila kujua.

Na kwa kuwa cheche ni kuachana, nafasi ya platini ni sehemu ya alimaji. Ukipanua nafasi, pembe inazifikia mapema na cheche inawahi. Ukiipunguza, cheche inachelewa. Kile kisigino cha faiba kinachosugua pembe kinalika kidogo kidogo kadiri trekta linavyofanya kazi, nafasi inapungua, na alimaji inachelewa bila mtu kugusa kitu. Trekta “limechoka”, watu husema. Kwa hiyo nafasi hupangwa kabla ya alimaji, kila mara. Ukipanga alimaji kisha ukakumbuka platini, umeifuta kazi yako kwa mkono wako mwenyewe. Namba ya nafasi isome kwenye kitabu cha injini yako, maana inatofautiana kwa delko moja na nyingine. Pima kisigino kikiwa juu kabisa ya pembe, fila, ule ubapa mwembamba wa kupimia nafasi, ipite ikigusa pande zote mbili bila kuzisukuma. Kama uso mmoja wa platini umeota kipele na mwingine umechimbika, fila itapima kipele na kukudanganya. Sawazisha kwanza kwa jiwe laini, au weka mpya. Na ukishamaliza futa platini kwa kitambaa safi kilichogusa petroli, kwa sababu mafuta ya kidole chako yanatosha kuunguza uso wake.

Tatu ni kukitafuta kilele cha silinda ya kwanza. Toa buji zote nne ili injini izunguke bila ukaidi. Ziba tundu la silinda ya kwanza kwa kidole gumba, mwenzako azungushe hendeli taratibu. Hewa ikianza kukisukuma kidole kutoka ndani, pistoni inapanda kwenye kubana, na huo ndio mzunguko unaoutaka. Kuna kilele kingine cha pistoni hiyohiyo, cha kutoa moshi, na ukipanga kwa hicho injini haitawaka. Itapiga chafya kupitia kabureta na kukutia hofu ya bure.

Matrekta mengi yana alama: mengine kwenye flaiwili, unachungulia kwa tundu lililo kwenye ganda lake, mengine kwenye puli ya mbele. Siiamini alama ambayo sijaithibitisha. Matrekta haya yana umri wa miaka sabini hivi au zaidi, yamefunguliwa na mikono mingi, puli zimebadilishwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka kwenye mashine nyingine za Zambia. Kuna njia ya kukipata kilele bila kutegemea alama ya mtu. Chukua buji mbovu, vunja kauri yake yote utoe, chomelea bolti fupi katikati iwe inatokeza chini. Ifunge kwenye silinda ya kwanza. Zungusha hendeli kwa upole mkubwa mpaka pistoni iguse bolti na kusimama. Weka mstari wa chaki kwenye puli mbele ya alama yoyote isiyosogea. Sasa rudisha injini nyuma, karibu mzunguko mzima, mpaka pistoni iiguse bolti kutoka upande wa pili. Weka mstari wa pili. Katikati ya mistari hiyo miwili ndipo kilele kilipo. Pistoni karibu na kilele inasogea kidogo sana hata kranki ikizunguka digrii kadhaa, kwa hiyo ukitumia bisibisi ndefu na macho utakosea; kwa bolti hukosei. Angalia tu kwa tochi kwamba bolti inagusa pistoni na haiko juu ya valvu, hasa kwenye injini ambazo valvu zake ziko ubavuni.

Digrii kwenye puli ni hesabu ya darasa la sita. Puli yenye kipenyo cha milimita 150 ina mzingo wa milimita 471. Gawa kwa 360, digrii moja ni milimita 1.3. Pima kwa utepe wa fundi cherehani, piga mstari wa rangi nyeupe, na trekta lako lina alama zinazoaminika kwa miaka ijayo.

Sasa zungusha injini kwa upande inaokwenda kila siku mpaka ufike kwenye namba ambayo kitabu kinasema. Ukiipita, usirudi kidogo ukaridhika: rudi nyuma sana, kisha uje tena mbele, kwa sababu meno ya gia yana ulegevu na ulegevu huo ni digrii. Chukua balbu ndogo ya volti za trekta lako, waya mmoja uguse upande wa bobini unaokwenda kwenye delko, mwingine uguse chuma cha injini. Washa swichi. Platini zikiwa zimegusana balbu imezimika, kwa maana umeme umepata njia fupi. Legeza delko, izungushe polepole, na pale hasa balbu inapowaka ndipo platini zimeachana. Kaza hapo. Kumbuka delko inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, kwa hiyo ukiisogeza digrii moja, cheche inasogea digrii mbili. Kuizungusha kinyume na mwendo wa rota ni kuwahisha. Kuifuata rota ni kuchelewesha. Kama huna balbu, karatasi nyembamba ya sigara kati ya platini inatosha: ivute kidogo kidogo, na inapoachiliwa ndipo zimefunguka. Baba mdogo hutumia karatasi mpaka leo, na hajawahi kupitwa na balbu yangu kwa zaidi ya upana wa uzi.

Kabla ya kurudisha waya, hakiki zamu ya silinda kupata cheche. Ferguson TE20 ni 1-3-4-2. Ford 8N ni 1-2-4-3. Nataja kwa sababu trekta hizi mbili zinafanana kama watoto wa tumbo moja, na kwa kweli asili yao ni moja. Harry Ferguson na Henry Ford walikubaliana kwa kushikana mikono mwaka wa 1938, likatoka Ford 9N mwaka wa 1939. Urafiki ulipovunjika kampuni ya Ford ikaendelea peke yake na 8N, Ferguson akaishitaki, na kesi ikaisha mwaka wa 1952 kwa kampuni hiyo kulipa dola milioni 9.25. Mtu akiona trekta la kijivu, akaambiwa na rafiki aliyefanyia kazi Ford, anafunga waya za 2 na 3 vibaya na kulaumu kabureta. Kwenye 8N, kitabu kinataka cheche ya ralanti iwe digrii 4 kabla ya kilele. Ukipata shaka yoyote, toa kifuniko cha valvu uangalie valvu za kuingizia zinavyofunguka kwa zamu: injini yenyewe inakusomea.

Hendeli nayo inahitaji neno zito. Cheche ikiwa imewahi mno na mtu anazungusha kwa mkono, mlipuko unakuja pistoni ikiwa haijafika juu, na hendeli inarudi nyuma kwa nguvu za injini. Mkono umevunjika hivyo kwa wengi. Kidole gumba kilale upande mmoja na vidole vingine, kamwe kisikumbatie hendeli. Na vuta kutoka chini kwenda juu, usisukume kutoka juu kwenda chini. Mwenye trekta ambalo hendeli yake inarudi asikubali kuambiwa kwamba matrekta ya zamani ndivyo yalivyo. Hayako hivyo. Alimaji yake imewahi, au springi za delko zimekufa.

Sasa tumefika mfereji, na namba ya kitabu ni mahali pa kuanzia tu. Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, silinda inajaa pungufu kuliko ingekuwa Matadi, kule bandarini, na moto unasambaa taratibu zaidi, kwa hiyo injini huku inaweza kuvumilia cheche iliyowahi kidogo zaidi. Mimi huongeza digrii moja, mara chache mbili, kisha naiachia plau iamue. Kinachoipinga nyongeza hiyo ni petroli. Ile ya chupa za kando ya barabara mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa hujiwasha upesi yakibanwa. Trekta lililokuwa tulivu juzi linaanza kugonga leo na hakuna aliyeligusa delko. Nusa tangi kabla ya kushika spana. Na kama ni TED20, ile iliyoundwa itumie TVO, mafuta ya matrekta ya jamii ya mafuta ya taa, mbano wake ni mdogo kwa makusudi. Usihamishe namba zake kwenda kwenye ya petroli.

Namna ninavyojaribu ni hii. Injini ipate moto kamili, nusu saa ya kulima. Gia ya pili, plau kwenye kina cha kazi, kipande cha udongo mgumu kuliko vyote shambani. Gavana akiwa amefungua kabisa, sikiliza. Ikigonga, chelewesha kidogo, rudia. Isipogonga, wahisha kidogo mpaka usikie mwanzo wa kokoto, kisha rudi nyuma digrii mbili za kranki, yaani moja ya delko. Tazama pia bomba la ekzosi jioni: likiwa jekundu pale linapotoka kwenye injini, na maji yanachemka ilhali radieta ni safi, umechelewesha kupita kiasi, nguvu inaungulia nje. Cheche iliyochelewa haipigi kelele, ndiyo maana watu huishi nayo miaka mingi wakiamini trekta limezeeka, huku likila petroli ya matrekta mawili.

Ukiridhika, kaza kibano cha delko na upige alama moja ya patasi inayovuka delko na injini, ili siku ikifunguliwa irudi palepale. Andika namba uliyofikia kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, pamoja na mafuta uliyotumia siku hiyo. Kisigino kipya cha platini hulika haraka saa zake za kwanza mpaka kikae, kwa hiyo baada ya kulima siku mbili tatu fungua tena kifuniko, pima nafasi, irudishe kwenye namba yake, na utie tone moja tu la grisi kwenye pembe. Likizidi, litarukia platini.